Ringer ni nani? Daktari mwenye jina kwenye chupa ya dripu

Kama umewahi kutundikiwa dripu kwenye zahanati au kituo cha afya, huenda uliona neno Ringer kwenye chupa. Wengi wetu tunadhani ni jina la dawa. Ni jina la mtu, daktari Mwingereza aitwaye Sydney Ringer.

Alizaliwa Norwich, mashariki mwa Uingereza, mwaka 1835. Ndugu zake wa kiume walipenda biashara. Mmoja, Frederick, alikwenda mpaka Nagasaki, Japani, akawa tajiri huko. Sydney alichagua udaktari. Mwaka 1854 aliingia chuo kikuu cha University College, London, na karibu maisha yake yote ya kazi yakaishia katika hospitali ya chuo hicho. Alikuwa tabibu wa wodini, na alijulikana zaidi kwa kitabu chake cha tiba cha mwaka 1869. Lakini kila akipata nafasi, kabla au baada ya kuona wagonjwa, alikimbilia maabara.

Huko alikuwa akitafuta maji yatakayoufanya moyo wa chura uendelee kupiga hata baada ya kutolewa mwilini. Mwaka 1882 alitangaza kwamba amefanikiwa kwa maji yaliyochemshwa na mvuke wake kukusanywa, yakatiwa chumvi. Baadaye akagundua kuwa msaidizi wake alikuwa akitumia maji ya bomba. Ringer akarudia kazi kwa maji safi kweli, na moyo ukalegea, ukasimama. Maji ya bomba ya London yalikuwa na kalsiamu, na kumbe bila kalsiamu moyo haupigi. Angeweza kunyamaza, lakini mwaka 1883 alichapisha masahihisho yake wazi. Kwetu sisi, hapo ndipo ukubwa wake ulipo.

Maji mishipani hayakuanza na yeye. Mwaka 1832, kule Leith, Uskoti, daktari Thomas Latta aliwatia wagonjwa wa kipindupindu maji ya chumvi mishipani. Baadhi waliokuwa kufani waliinuka. Wengi walikufa baadaye, kwani walitibiwa wakiwa wamechelewa mno, na wakati ule hakuna aliyejua habari za vijidudu. Ringer alichoongeza ni kipimo: chumvi ipi, na kiasi gani.

Nyumbani alipata msiba. Binti yake Annie alifariki akiwa mtoto, na kwa kumbukumbu yake Ringer alilipia ukarabati wa kanisa la kijiji cha Lastingham, Yorkshire. Alipostaafu alihamia huko, akafariki mwaka 1910. Laktati iliongezwa na daktari wa watoto wa Marekani, Alexis Hartmann, miaka ya 1930, ndiyo maana leo tunasoma Ringer lactate.

Sasa tuje kwetu. Kuna watu wanapita na chupa majumbani wakiuza dripu ya kuongeza nguvu. Kinachoingia mshipani hakipiti tumboni. Kinafika moyoni moja kwa moja. Maji yakizidi au yakienda kasi yanaweza kujaa kwenye mapafu, hasa kwa mtoto, mzee au mwenye ugonjwa wa moyo au figo. Sindano chafu inapeleka vijidudu kwenye damu. Na mgonjwa wa kuhara anayeweza kunywa, mara nyingi maji ya ORS yanamtosha.

Kwa hapa Tanzania, duka la dawa muhimu haliruhusiwi kuchoma sindano wala kutundika dripu. Ukifika kliniki binafsi, angalia cheti cha usajili ukutani, na uliza anayekuhudumia ana taaluma gani na kama ana leseni. Kabla ya chupa, lazima upimwe na uambiwe unatibiwa nini. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Maji yawe maangavu, chupa isivuje, na sindano ifunguliwe mbele yako. Muuguzi makini hachukii kuulizwa. Ukikataliwa kuonyeshwa cheti, ondoka, kisha utoe taarifa ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Kama wasiwasi ni juu ya chupa yenyewe, ihifadhi na lebo yake, maana TMDA ndiyo inayosimamia ubora wa dawa na itahitaji namba ya toleo iliyoandikwa pale.