Joy Adamson: Mchoraji aliyefunikwa na umaarufu wa simba wake

Abiria anayesafiri kwa matatu kutoka mjini Kilifi kuelekea Malindi hupita Matsangoni kabla ya kufika Gede. Kando ya barabara hiyo kina mama wa Kigiriama huonekana wakienda sokoni na mashambani wakiwa wamejifunga leso na kuvaa nguo za mitumba, sawa na wenzao kokote nchini.

Hando, lile vazi la marinda mengi lililomtambulisha mwanamke wa Kigiriama tangu zamani, sasa huonekana zaidi katika ngoma, sherehe za kitamaduni na mapokezi ya viongozi. Mavazi mengine ya Wamijikenda hayaonekani hata huko.

Anayetaka kujua wazee, maharusi na waganga wa pwani walivyojipamba zaidi ya miaka 70 iliyopita hana budi kuzitazama, pamoja na kumbukumbu nyingine, picha za rangi zilizochorwa na mwanamke ambaye hakuzaliwa Giriama wala Kenya. Mwanamke huyo ni Joy Adamson.

Jina hilo likitajwa, wengi hukumbuka simba jike aliyeitwa Elsa na filamu iliyotolewa mwaka wa 1966. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya simba huyo kuzaliwa, Bi Adamson alikuwa amekwisha kutumia karibu miaka 20 ya maisha yake akichora kwa penseli na rangi za maji, na kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Alizaliwa Januari 20, 1910, katika mji wa Troppau uliokuwa chini ya himaya ya Austria na Hungary. Mji huo leo huitwa Opava na umo katika Jamhuri ya Cheki. Wazazi wake walimwita Friederike Victoria Gessner. Ndoa yao ilipovunjika, binti huyo alilelewa na nyanya yake, na ujana wake ukapita katika jiji la Vienna akitafuta la kufanya. Alisomea piano, akajaribu ushonaji na uchongaji, akawaza kuwa daktari. Hakuna hata moja aliloshika.

Mwaka wa 1935 aliolewa na Viktor von Klarwill. Mumewe alikuwa wa asili ya Kiyahudi, na kivuli cha Hitler kilikuwa kimeanza kutanda juu ya Austria. Mnamo 1937 alimtuma mkewe Kenya kuangalia iwapo wangeweza kuhamia huku. Safarini, bibi huyo alikutana na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, na mambo yakageuka. Ndoa ya kwanza ilivunjwa, na mwaka wa 1938 akaolewa na Bally. Ni mume huyu wa pili aliyempa jina la Joy, nalo likamganda hadi kufa.

Bally ndiye aliyemtia kwenye uchoraji. Kazi ya mtaalamu wa mimea ni kukusanya majani na maua, kuyabana baina ya karatasi hadi yakauke, kisha kuyahifadhi. Tatizo ni kwamba ua likikauka hupoteza rangi yake, na umbo lake husinyaa. Palihitajika mtu wa kulichora lingali bichi, saa ile ile lilipochumwa. Katika safari ya utafiti kwenye vilima vya Chyulu, Joy alichukua brashi, na tangu siku hizo hakuiweka chini kwa miaka mingi.

Ua lilimfunza nidhamu ambayo piano haikumfunza. Ua halingoji. Likichumwa asubuhi huweza kuwa limenyauka alasiri, na mchoraji hana nafasi ya kusubiri moyo umtume. Lazima ahesabu petali, apime urefu wa bua, achanganye rangi mpaka ifanane na ile iliyo mbele yake, na asiongeze urembo wa kichwani mwake. Michoro yake ilitumika katika vitabu visivyopungua saba kuhusu mimea ya Afrika Mashariki. Mwaka wa 1947 chama kikuu cha kilimo cha bustani cha Uingereza, Royal Horticultural Society, kilimtunuku medali ya dhahabu ya Grenfell.

Wakati huo alikuwa amekwisha kubadilisha mume tena. Wakati wa Krismasi ya 1942, mjini Garissa, alikutana na George Adamson, afisa wa wanyamapori katika wilaya za kaskazini. Walioana mwaka wa 1944 na kufanya Isiolo kuwa makao yao. Maisha ya mume huyu yalikuwa ya hema, ngamia na safari za wiki kadhaa nyikani. Mke alizifuata safari hizo akiwa na sanduku lake la rangi, na huko ndiko macho yake yalikohama kutoka kwa maua na kuwageukia watu.

Alianza kuwachora wenyeji kwa hiari yake. Kisha, mwaka wa 1949, serikali ya kikoloni ikampa kazi rasmi: achore watu wa jamii 22 za Kenya wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya jadi, kabla hayajatoweka. Kwa mchoraji ambaye hadi hapo alikuwa akiishi kwa vijikazi vya hapa na pale, hii ilikuwa ajira ya miaka mingi.

Hapa msomaji ana haki ya kutua kidogo. Serikali iliyotoa pesa ili mila za Wagiriama zihifadhiwe kwenye karatasi ndiyo ile ile ambayo mwaka wa 1914 iliilipua kwa baruti Kaya Fungo, kitovu cha ibada za Wagiriama, ili kuzima upinzani uliochochewa na Mekatilili wa Menza. Kodi, kazi za kulazimishwa na mafundisho ya kuziona mila kuwa ushenzi vilikuwa vimefanya kazi yao kwa miongo kadhaa. Mavazi hayakutoweka yenyewe kama umande. Bi Adamson aliletwa kuchora kilichosalia, na waliomleta walikuwa na mkono katika kupotea kwa kilichokwisha kupotea.

Hata hivyo, kazi yenyewe aliifanya kwa bidii isiyo na mfano. Alizunguka nchi kwa gari lake, kutoka Turkana hadi pwani, akipiga hema karibu na vituo vya serikali. Machifu na wakuu wa wilaya walimwitia watu. Baadhi ya mavazi yalikuwa yamekwisha kuachwa, na ilibidi yatafutwe kwa wazee waliokuwa wakiyahifadhi. Anayechorwa alitakiwa kukaa au kusimama kimya kwa saa nyingi, mara nyingine akiwa amebeba uzito wa shanga, ngozi, pembe na manyoya ambayo kwa desturi huvaliwa siku ya sherehe tu. Mavazi mengine yalihusu jando, mengine uganga, na si kila jamii ilipenda mambo hayo yaanikwe mbele ya mgeni.

Alichora watu kama alivyochora maua. Ushanga ulihesabiwa, chale za usoni ziliwekwa mahali pake, mkunjo wa ngozi ulifuatwa hadi ulipoishia. Hiyo ndiyo nguvu ya picha hizo, na pengine ndio udhaifu wake pia, kwani katika baadhi yake vazi linaonekana kuwa hai kuliko aliyelivaa. Lakini zipo nyingine, hasa za wazee, ambapo uchovu, kiburi au mashaka ya anayechorwa yamepenya katika rangi bila kualikwa. Nchi ilitangaziwa hali ya hatari mnamo Oktoba 1952, wakati kazi hiyo ikiendelea. Si ajabu kwamba nyuso nyingi hazicheki.

Pwani ilimvuta kwa namna yake. Wagiriama na Wamijikenda wengine wamo miongoni mwa aliowachora, lakini hakukomea kwenye mavazi. Alivutiwa na makaya na vigango, zile nguzo za mbao zilizochongwa na kusimamishwa kwa ajili ya wazee waliofariki. Mnamo 1957 alichapisha makala kwa Kijerumani kuhusu mambo hayo katika jarida la Paideuma. Alichora pia samaki wa miamba ya matumbawe, kazi inayomtaka mchoraji awe mwepesi zaidi hata kuliko ile ya maua, maana samaki akitolewa majini rangi zake hufifia upesi.

Makala hayo ya 1957 yana uzito wa pekee leo. Katika miongo iliyofuata, vigango vingi viliibwa kutoka maboma ya Wamijikenda na kuuzwa ng'ambo kama mapambo ya nyumba. Viwili vilivyoibwa mwaka wa 1985 vilirejeshwa kwa familia yake kutoka Marekani mwaka wa 2007. Mwaka uliofuata, misitu ya makaya ya Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO.

Halafu akaja Elsa. Mwaka wa 1956 George alimuua simba jike aliyemshambulia, na baadaye akagundua kwamba mnyama huyo alikuwa akiwalinda watoto wake watatu. Mmoja wao alibaki na Joy, ambaye alimchora tangu akiwa mtoto. Wakati mmoja Elsa alisafirishwa hadi Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, George alipokwenda kumsaka simba aliyekuwa akiwahangaisha Waboni, na huko akaoga katika Bahari ya Hindi. Kitabu kuhusu simba huyo kilitoka mwaka wa 1960 na kikasomwa duniani kote. Pesa zake nyingi Bi Adamson alizielekeza kwenye uhifadhi wa wanyamapori.

Kuanzia hapo mchoraji alimezwa na mwandishi. Kitabu kilichokusanya picha zake za jamii za Kenya hakikutoka hadi 1967, miaka minne baada ya nchi kupata uhuru, na hakikupata hata sehemu ndogo ya umaarufu wa Elsa. Kwa jumla aliacha zaidi ya michoro 500, na sehemu kubwa ya picha za watu imehifadhiwa na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya.

Hakuwa mtu rahisi. Waliomjua walimkumbuka kwa hasira za ghafla, na wafanyakazi wake hawakudumu. Yeye na George waliishi mbali mbali kwa miaka mingi ya mwisho, ingawa hawakupeana talaka. Mwanamke aliyeweza kukaa na ua moja tangu asubuhi hadi jioni bila kuchoka hakuwa na subira hiyo kwa binadamu wenzake.

Jioni ya Januari 3, 1980, mwili wake ulipatikana karibu na kambi yake huko Shaba, alikokuwa akimlea chui. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa ameuawa na simba, lakini uchunguzi ulionyesha kuwa alichomwa kwa kitu chenye makali. Kijana aliyewahi kumfanyia kazi alihukumiwa kwa mauaji hayo mwaka wa 1981. George naye aliuawa kwa risasi huko Kora mnamo Agosti 1989.

Majivu ya Bi Adamson yalipelekwa Mbuga ya Meru, kwenye makaburi ya Elsa na ya duma wake aliyeitwa Pippa. Nyumba yake ya Elsamere, kando ya Ziwa Naivasha, iligeuzwa kuwa makumbusho. Picha alizochora kwa amri ya serikali zilibaki Nairobi, zaidi ya kilomita 500 kutoka Matsangoni.