Robert Wangila: kutoka raundi tatu hadi raundi kumi

Msikilizaji, waliokuwa na redio mwaka 1988 hawajasahau siku Robert Wangila alipomwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali kule Seoul. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Kenya katika ndondi za Olimpiki, na hadi leo hatujapata nyingine. Kijana huyo wa Nairobi alikuwa na miaka 21.

Baadaye alienda Marekani kupigana kwa malipo, na huko kazi ikabadilika. Katika ndondi za ridhaa za wakati ule, pambano lilikuwa raundi tatu za dakika tatu, tena bondia akivaa kofia ya kukinga kichwa. Dakika tisa, umemaliza. Mwenye ngumi nzito kama Wangila aliweza kuzirusha tangu kengele ya kwanza bila kuwaza kesho. Kwenye ndondi za kulipwa kofia haipo, raundi hufika kumi au hata 12, na anayemaliza pumzi mapema huadhibiwa mwishoni. Wangila alishinda mapambano 22, akapoteza matano. Si haba, ila taji la dunia hakulipata.

Tarehe 22 Julai 1994, mjini Las Vegas, alipigana na David Gonzalez. Refa alisimamisha pambano katika raundi ya tisa. Wangila alilalamika, akitaka kuendelea. Mimi naona refa hakukosea. Muda mfupi baadaye alipoteza fahamu, na tarehe 24 akafariki kwa jeraha la ubongo. Alikuwa na miaka 26.