John Newton, Mlezi wa Walioiacha Imani

Katika kila parishi hufika wageni ambao si wageni wa dini. Walibatizwa wakiwa wachanga, wakapata Kipaimara, kisha kazi, pombe, masomo au uchungu wa maisha ukawatoa. Wakija kanisani huketi karibu na mlango, na ibada ikiisha huondoka upesi. Yatupasa kuwaongozaje? Tumeona vema safari hii tusimulie maisha ya John Newton, kasisi wa Kanisa la Uingereza, ambaye mwenyewe aliiacha imani, akamtoa na mwenzake, kisha akatumia zaidi ya miaka 40 kuwalea watu wa namna hiyo.

Alizaliwa London tarehe 24 Julai 1725. Mama yake alimfundisha Maandiko, katekisimu na nyimbo angali mdogo sana, lakini alifariki kwa kifua kikuu mtoto hajatimiza miaka 7. Baba alikuwa nahodha, na kijana alipofika miaka 11 akaanza kusafiri naye. Huko baharini akasoma vitabu vya wasioamini, akashirikiana na wenye mzaha, na mwisho akawa hodari wa kukufuru. Mwaka 1744 alikamatwa kwa nguvu kutumika katika jeshi la majini. Akatoroka, akashikwa, akachapwa viboko. Baadaye akaangukia pwani ya Sierra Leone, akimtumikia Mzungu mfanya biashara wa watumwa, akaugua na kushinda njaa.

Tarehe 21 Machi 1748, kwa kalenda ya sasa, merikebu aliyosafiria kurudi kwao ilipigwa na tufani katika Atlantiki. Maji yakaingia, naye akashinda kwenye pampu, akamwomba Mungu yule yule aliyezoea kumdhihaki. Siku hiyo aliiadhimisha kila mwaka maisha yake yote.

Hapa tusiende mbio. Wengi husimulia habari hii kana kwamba Newton aligeuka mtu mpya kwa usiku mmoja. Sivyo. Baada ya tufani hiyo aliendelea na biashara ya watumwa. Kati ya mwaka 1750 na 1754 aliongoza safari tatu akiwa nahodha, akiwabeba Waafrika katika minyororo, huku akiwaongoza mabaharia wake katika ibada. Akaacha bahari kwa sababu ya ugonjwa, si kwa kusutwa na dhamiri. Ilipita miaka 40 tangu tufani ndipo, mwaka 1788, akatoa kijitabu cha kuungama aibu yake mbele ya watu wote na kueleza ukatili aliouona na kuutenda. Sisi Waafrika tunaposoma haya tuna haki ya kuhuzunika, wala hatuna sababu ya kuyafunika. Yanatuonyesha pia kwamba mtu aweza kurudi kwa Mungu kweli, na bado akawa na safari ndefu mbele yake.

Lipo jambo jingine. Alipokuwa jeshini Newton alimpata kijana mmoja mwenye mwenendo mzuri, akamvuta kidogo kidogo hata akaitupa dini. Miaka ikapita, wakakutana Liverpool. Newton, sasa mtu wa sala, alijaribu kumrudisha, lakini yule mwenzake akamjibu kwamba uhuru huo alifundishwa na Newton mwenyewe. Akamchukua katika safari yake ya mwisho, akitumaini kumvuta kwa urafiki na mfano wa kila siku. Haikufaa. Kijana yule alifariki kwa homa pwani ya Afrika, bila tumaini. Bila shaka ndiyo maana Newton, alipopata kuwa kasisi, hakuwa mtu wa kuwahukumu waliopotea.

Alipewa daraja mwaka 1764 akatumwa Olney, mji mdogo wa watu maskini waliojipatia riziki kwa kufuma lesi. Alikaa huko miaka 16. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akawakusanya watoto kila juma, akaandika nyimbo kwa ajili ya mikutano ya sala. Mmojawapo ni wimbo wa neema unaoimbwa leo duniani kote.

Katika kijiji jirani alikuwapo kasisi kijana, Thomas Scott, aliyevaa kanzu ya kanisa hali hakuusadiki Utatu Mtakatifu. Mnamo Januari 1774 mtu na mkewe katika parishi ya Scott walikuwa mahututi. Scott alisikia, lakini kwa kuwa hakuitwa, hakwenda. Mke akafa. Ndipo akapata habari kwamba Newton ametoka Olney mara kadhaa kuja kuwatazama wagonjwa hao. Neno hilo lilimchoma kuliko hoja yoyote. Mwaka uliofuata akamwandikia Newton, akitafuta mabishano. Newton alimjibu barua baada ya barua kwa upole, akakataa kabisa kubishana. Scott akakata shauri kwamba mtu huyu hana la maana, akanyamaza. Lakini taabu ilipomfika, mlango alioukumbuka ulikuwa ule wa Newton. Mwaka 1779 alichapa kitabu akieleza alivyorudishwa kwenye imani.

Si wote waliorudi namna hiyo. Mshairi William Cowper, rafiki yake mpenzi, alishikwa na ugonjwa wa moyo mzito mwaka 1773, akasadiki kwamba Mungu amemkataa. Newton na mkewe walimtunza nyumbani mwao zaidi ya mwaka mmoja. Cowper hakuingia tena kanisani mpaka kufa kwake mwaka 1800, wala Newton hakuacha kuwa rafiki yake.

Mwaka 1780 alihamia London. Desemba 1785 alifika kwake mbunge wa miaka 26, William Wilberforce, ambaye alimsikia Newton akihubiri tangu utotoni, kisha akayaacha hayo kwa anasa. Alizunguka nje kwanza kwa hofu kabla ya kuingia. Newton hakumwambia aache siasa, bali alimtia moyo amtumikie Mungu papo hapo bungeni. Tarehe 25 Machi 1807 sheria ya Uingereza ya kukomesha biashara ya watumwa ilikubaliwa. Newton alifariki tarehe 21 Desemba mwaka ule ule, akiwa na miaka 82.

Na Scott je? Chama cha Misioni cha CMS kilipoanzishwa mwaka 1799, yeye ndiye aliyekuwa katibu wake wa kwanza. Chama hicho ndicho kilichomtuma Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na ndicho kilichoanzisha Freretown mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Hivyo kuwatazama wale wagonjwa wawili kuna sehemu yake katika habari njema iliyotufikia sisi.

Ndugu, Jumapili ijayo tumtazame yule aketiye karibu na mlango. Tusimwulize kwanza alikuwa wapi siku zote. Tumsalimu, tujue anapokaa, na akiugua twende hata kama hatukuitwa. Akitaka mabishano, tumpe urafiki. Akichelewa, tukumbuke miaka 40 ya Newton. Na asiporudi, tusimwache. Mungu atujalie uvumilivu huo. Amina.