Mary Mahoney: miaka 15 na ufagio, kisha diploma ya uuguzi



Kila mwaka, wakati matokeo ya examen d'État inatoka, mu nyumba zetu kunaanza mazungumzo yale yale: mutoto mwanamuke ataenda kusoma nini? Wengi wanataka uuguzi, wanataka kuwa infirmière. Baba anahesabu mushahara, mama anaangalia bunga inayobakia mu gunia. Na mara nyingi mu nyumba ile ile kuko mwingine anayekaa kimya: dada mukubwa, miaka yake imepita 30, anafagia mu dispansere, anajua kazi ya wagonjwa kuliko watu wengi, lakini anafikiri saa yake ilishapita. Leo ninaandika juu yake.

Nitaeleza maisha ya mwanamuke mumoja wa Marekani, Mary Eliza Mahoney. Yeye njo mweusi wa kwanza kupata diploma ya uuguzi mu inchi ile. Alikufa kitambo, lakini njia aliyopita inafanana sana na njia za kwetu.

Kwanza, kujua kusoma

Mary alizaliwa 1845 ku Boston, mu jimbo la Massachusetts, upande wa kaskazini wa Marekani. Wazazi wake walitoka kusini, ku North Carolina, kule watu weusi walikuwa wanauzishwa bado sawa ngombe. Walipata uhuru wao, wakapanda kaskazini kutafuta maisha. Ku Massachusetts utumwa ulikuwa umekwisha tangu zamani, lakini kazi za watu weusi zilikuwa zile zile: kufua, kupika, kufagia, kubeba mizigo.

Hata watoto walikuwa wanatengwa mu masomo ku Boston, weusi upande wao na weupe upande wao. Wazazi weusi walipigania jambo lile miaka mingi, mpaka 1855 sheria ikabadilishwa. Mary alikuwa na miaka 10. Aliingia ku masomo ya Phillips, mumoja kati ya masomo ya kwanza mu muji ule yaliyopokea watoto weusi na weupe pamoja. Pale alijifunza kusoma, kuandika na hesabu. Tukumbuke jambo hili, juu kama wale wazazi hawakukaza shingo, yote nitakayoeleza chini haingewezekana. Ufagio haukatazi mutu kuingia mu uuguzi. Kinachomukatazaka ni kukosa kusoma.

Ndani ya lupango, inje ya kelasi

Mu 1862 munganga mumoja mwanamuke, Marie Zakrzewska, aliyezaliwa Berlin, alifungua hopitali ku Boston. Jina lake New England Hospital for Women and Children, maana yake hopitali ya wanawake na watoto. Wanganga wenyewe walikuwa wanawake. Wakati ule hopitali nyingi zilikuwa zinakataa munganga mwanamuke, njo maana walijenga yao.

Mary alikuwa kijana alipopata kazi pale. Hakuingia ku mulango wa wauguzi. Aliingia ku mulango wa jikoni na wa mahali pa kufulia. Alipika, alifua, alipangusa sakafu, na mara kwa mara alisaidia kuangalia wagonjwa. Kwetu tungemwita fille de salle. Alifanya hivi karibu miaka 15.

Miaka 15, wandugu. Wale wamefanya kazi mu mugodi wanajua maana yake. Mutu anaingia kijana, anatoka na mvi. Lakini mutu anayefagia chumba cha wagonjwa kila siku, kama macho yake iko wazi, anajifunza. Anaona mugonjwa gani anapona na gani anazidi kuharibika. Anafua mashuka, anajua damu ya uzazi na damu ya kidonda. Anasikia ginsi munganga anaagiza dawa. Mutu wa namna ile anapata elimu, lakini elimu yake haina karatasi. Na bila karatasi, ku siku ya mushahara, ni mufagiaji.

Mu 1872 hopitali ile ilifungua masomo ya uuguzi, kati ya masomo ya kwanza kabisa mu Marekani yote. Mwaka uliofuata mwanafunzi wa kwanza alipata diploma, Linda Richards, muzungu. Mary alikuwa pale pale. Kwa miaka 6 wabinti wengine wakaingia, wakasoma, wakatoka na diploma. Yeye alikuwa ndani ya lupango, lakini inje ya kelasi.

Siku alipopokelewa

Mu 1878 aliomba nafasi, na walimupokea.

Masharti ya kuingia haikuwa mingi, lakini ilikuwa mikali. Mwanafunzi alipashwa kuwa na miaka kati ya 21 na 31. Alipashwa kuwa na afya na nguvu. Alipashwa kuwa na sifa nzuri na tabia nzuri. Sasa tuangalie Mary. Miaka yake ilikuwa imekwisha kupita 31. Mwili wake ulikuwa mudogo sana, watu walishangaa ginsi anaweza kunyanyua mugonjwa. Tena alikuwa mweusi, mu inchi ambamo utumwa ulikuwa umekatazwa tangu miaka 13 tu, na masomo mengi ya uuguzi hayakutaka kusikia ngozi nyeusi.

Miye ninaona kama ile miaka 15 njo ilisema kwa ajili yake. Wakubwa wa hopitali walimujua. Walijua kama anaamuka mapema, kama haibi, kama hachoki mbele ya mugonjwa, kama anajua kusoma maagizo. Sifa yake haikuandikwa mu barua ya mutu mwingine. Ilikuwa ku sakafu waliyokuwa wanatembelea kila siku.

Miezi 16

Kuingia ni kitu kimoja, kumaliza ni kitu kingine. Masomo yalikuwa ya miezi 16. Siku ilianza saa kumi na moja na nusu ya asubuhi, ikaisha saa tatu na nusu ya usiku. Hesabu mwenyewe: ni masaa 16. Sisi wa sendika tunaogombania masaa 8, tungepiga mayowe. Mushahara ulikuwa kati ya dola 1 na dola 4 kwa juma, na majuma mbili za kwanza hakukuwa kitu.

Mwanafunzi alizunguka mu vyumba mbalimbali: wagonjwa wa dawa, wagonjwa wa kupasuliwa, wamama wa kuzaa. Kila mumoja alipewa wagonjwa 6 wa kuangalia. Pamoja na ile kazi, wanganga walikuwa wanafundisha: ginsi mwili unafanya kazi, chakula cha mugonjwa, kuangalia mama aliyezaa, dawa za kuua vijidudu, kupima joto ya mwili na mapigo ya damu, kufunga bandeji. Ku mwisho, mwanafunzi alitumwa inje ya hopitali, mu nyumba za watu, kuangalia mugonjwa peke yake. Ni sawa staji yetu ya leo, lakini bila mukubwa karibu wa kuuliza.

Walianza karibu 40. Tarehe 1 ya mwezi wa 8, mwaka 1879, waliofika mwisho na kupokea diploma walikuwa paka 4. Mary Mahoney alikuwa kati yao. Wengi wa wenzake walikuwa wadogo kuliko yeye, na miguu yao ilikuwa na nguvu zaidi. Lakini yeye hakuna aliyepashwa kumufundisha kuamuka mapema.

Kategori yake

Wakati ule hopitali zilitumikisha wanafunzi zaidi, na wauguzi wenye diploma wengi walifanya kazi mu nyumba za matajiri. Mary naye alifanya vile, miaka mingi. Jina lake likaenea, familia za mu majimbo mengine ya mbali zikamwita.

Pale njo alikutana na shida ambayo kila delege wa sendika anaijua. Familia ziliona ngozi nyeusi, zikafikiri ni boyi wa nyumba. Walitaka muuguzi, lakini walitaka afue tena na apike. Mary alikataa. Hata wakati wa kula, hakukaa pamoja na watumishi wa nyumba, alikula peke yake. Mutu asimuzanie kama alizarau watumishi. Yeye mwenyewe alikuwa mutumishi miaka 15, tena diploma ile ilimugarimu. Alilinda kategori yake. Kama umeajiriwa kuwa muuguzi na unakubali kufanya kazi ya watu watatu kwa mushahara wa mumoja, kesho muuguzi mweusi atakayekuja nyuma yako atakuta wameizoea.

Kumoja, mulango unafungika

Mary alielewa kama mutu mumoja akipita ku mulango, mulango unaweza kufungika nyuma yake. Miaka ilipita, na wabinti weusi bado walikuwa wanafukuzwa ku masomo ya uuguzi. Ku Chicago, binti mumoja, Emma Reynolds, alikataliwa na masomo yote ya muji. Munganga mweusi Daniel Hale Williams na wenzake wakafungua hopitali yao wenyewe mu 1891, Provident Hospital, yenye masomo ya uuguzi ndani. Na hata wale waliopata diploma, vyama vya wauguzi mu majimbo mengi ya kusini viliwakatalia.

Mu 1908, muuguzi mweusi Martha Minerva Franklin aliita wenzake ku New York. Walifika 52. Wakaunda chama cha wauguzi weusi wenye diploma, NACGN, na Mary aliunga mukono. Mwaka 1909 mukutano mukubwa wa kwanza ulifanyika Boston, muji wake, na yeye njo alipewa kusema neno la kukaribisha. Hakusimama pale kusifu masomo yaliyomupokea tu. Alionyesha wazi ukosefu wa usawa uliokuwa mu masomo ya uuguzi. Wanachama walimufanya kuwa mutumishi wao wa maombi, na wakamwachilia kotizasio maisha yake yote. Sisi wa sendika tunajua heshima ile ni kubwa namna gani, juu kotizasio hatuiachilie mutu hivi hivi.

Nyuma yake, kwanzia 1911, aliongoza nyumba ya yatima weusi ku Long Island. Na wanawake wa Marekani walipopata haki ya kupiga kura, mu 1920, yeye mwenye miaka karibu 75 alikuwa kati ya wanawake wa kwanza wa Boston kuandikisha jina. Alikufa tarehe 4 ya mwezi wa 1, mwaka 1926, juu ya ugonjwa wa kansa ya ziwa. Mu 1936 chama kiliweka zawadi yenye jina lake. Na mu 1951 chama kile kiliungana na chama kikubwa cha wauguzi wa Marekani, kwa sababu mulango ulikuwa umefunguliwa.

Na kwetu?

Dada unayefagia mu dispansere, kama ungali unasoma mistari hii, basi sharti la kwanza unalo. Kama cheti chako cha masomo kilipotea, anza kukitafuta leo, usingoje siku ya kuandikisha majina. Uliza mapema A2 wanaomba nini, A1 wanaomba nini. Mukubwa wako wa kazi mwombe atestasio ya miaka uliyofanya, yenye muhuri, na inayosema wazi kama ulisaidia wagonjwa. Akikataa, kuja ku ofisi ya delege. Ni kazi yetu.

Na weye baba, usimwambie binti yako kama miaka imepita. Ile miaka ya ufagio, ni weye na miye tunaoihesabu sawa bure. Kule Boston, ilihesabiwa.