Edwin Armstrong: mtu aliyetupatia FM, na kesi iliyommaliza

Kuanzia Bunia mpaka Uvira, mtu akifungua redio yake anatafuta namba kati ya 88 na 108, na sauti inakuja safi, hata kama radi inapiga na mvua inanyesha juu ya bati. Ule usafi wa sauti ni kazi ya Mmarekani mmoja, Edwin Howard Armstrong. Yeye ndiye aliyetengeneza FM, na ni juu ya hiyo FM alipoteza makuta yake, amani ya nyumba yake, na mwisho uhai wake.

Armstrong alizaliwa New York tarehe 18 Desemba 1890, akakomalia Yonkers, mji wa karibu. Tangu utoto alipenda redio, na hakuogopa kupanda milingoti mirefu. Mwaka wa 1912, akiwa angali mwanafunzi kwenye chuo kikuu cha Columbia, alivumbua njia ya kuchukua sauti hafifu na kuifanya ipate nguvu sana ndani ya taa ya redio. Alitaka kuiombea breve, ni kusema hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kukataza wengine kutumia kazi yake bila ruhusa, kwa miaka fulani tu. Baba yake akakataa kutoa makuta mpaka amalize masomo. Maombi yakaingia mwezi wa Oktoba 1913 tu.

Uvumbuzi ule ulimletea kesi ndefu. Mvumbuzi mwengine, Lee de Forest, alidai kwamba ni yeye aliyetangulia. Walisumbuana kwenye matribinali miaka mingi, na mwaka wa 1934 Mahakama Kuu ya Marekani ikampa de Forest haki. Mainjenieri wengi waliona majaji hawakuelewa mambo ya ufundi. Armstrong alipotaka kurudisha medali waliyokuwa wamempa juu ya kazi ile, walikataa kuipokea.

Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuwa tajiri. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia, akiwa askari Paris, alivumbua mfumo mwengine wa kupokea mawimbi ambao redio nyingi ziliendelea kuutumia kwa miaka mingi. Mwaka wa 1920 aliuza breve zake kwa kampuni Westinghouse. Mwaka wa 1922 akauza nyingine kwa kampuni RCA, akalipwa dola na hisa nyingi, mpaka akawa mtu binafsi mwenye hisa nyingi kuliko wote ndani ya kampuni ile. David Sarnoff, mkubwa wa RCA, alikuwa rafiki yake. Hata bibi yake, Marion, aliyemuoa mwaka wa 1923, alikuwa sekretari wa Sarnoff.

Tuelewe vizuri RCA ilikuwa nini. Iliundwa mwaka wa 1919. Wakati ule kila kampuni kubwa ilishika kipande chake cha breve, na hakuna aliyeweza kutengeneza redio nzuri bila kumkosea mwengine. RCA ilikusanya vile vipande fasi moja. Hiyo ilisaidia kazi kuendelea, lakini ilimpa mmoja ufunguo wa mlango wote: aliyetaka kutengeneza redio alipaswa kumlipa yeye. Serikali ya Marekani iliishitaki mwaka wa 1930 kwa sheria ya kukataza kampuni kushika soko peke yake. Mwaka wa 1932 General Electric na Westinghouse zikalazimishwa kuachana na RCA. Hata hivyo, RCA ilibaki na nguvu ya breve.

Sarnoff alitamani dawa ya makelele ndani ya redio. Armstrong akaipata, na breve zake za FM zikatoka tarehe 26 Desemba 1933. Redio ya zamani ilibeba sauti kwa kupandisha na kushusha nguvu ya wimbi, na radi iliharibu ile nguvu. FM inageuza mwendo wa mitetemo ya wimbi, na radi haiusumbui sana. Lakini dawa hii ilidai vyombo vipya vya kurusha na vya kupokea. RCA ilikuwa imeweka makuta mengi kwenye mfumo wa zamani, na sasa ilitaka televisheni. Mwaka wa 1935 ilimwambia aondoe vyombo vyake vya majaribio juu ya jengo Empire State.

Armstrong akajenga kituo chake Alpine, New Jersey, kwa makuta yake mwenyewe. Makampuni mengine yalikubali kumlipa asilimia ndogo kwa kila redio ya FM waliyouza. Mwaka wa 1940 RCA ilimtolea dola milioni 1, ilipe mara moja tu, basi. Akakataa, sababu ingekuwa kuwaonea wale wadogo waliolipa kila mwaka.

Wakati wa vita ya pili aliachia jeshi la nchi yake litumie breve zake bure. Mwaka wa 1945 serikali ikahamisha FM kwenye masafa mengine, na redio zote za FM zilizokwisha kununuliwa zikakosa kazi. RCA ilitia FM ndani ya televisheni zake bila kumlipa. Mwaka wa 1948 akaishitaki. Mavoka wa kampuni walivuta maswali miezi na miezi, na huku breve zilikuwa zinakaribia kuisha. Makuta yakaisha, bibi akaondoka, na usiku wa tarehe 31 Januari 1954 Armstrong alijitoa uhai.

Marion ndiye aliyeendelea na kesi. Mwisho wa mwaka ule RCA ililipa zaidi kidogo ya dola milioni 1, karibu sawa na ile ya 1940. Mwaka wa 1958, kisha kushitakiwa tena na serikali, RCA ilikubali kuachilia breve zake nyingi bila malipo. Kesi ya mwisho ya Marion, juu ya Motorola, aliishinda mwaka wa 1967.

Breve za FM zilikwisha mwaka wa 1950. Tangu siku ile, redio ndogo ya kijiji inaweza kurusha sauti kwa FM bila kumlipa mvumbuzi yeyote.