Delamere: Lodi aliyechoma mali ya ukoo Njoro, akaiachia familia deni

Ukipanda matatu pale Nakuru ukielekea Nairobi, kuna jina moja linalokufuata njia nzima. Ukikaribia Elmenteita, upande wa kulia unaona ziwa, na nyika inayolizunguka ni shamba la Soysambu. Ukifika Naivasha, dereva anasimama Delamere, watu wanashuka kunyoosha miguu na kununua maziwa lala. Wengi wetu tunadhani Delamere ni jina la stage tu. La hasha. Alikuwa mtu, na kisa chake kinakuhusu kuliko unavyodhani.

Kinakuhusu hasa kama wewe na ndugu zako mna wazo la biashara. Labda mnataka kununua van kuukuu, mng'oe viti, muweke kitanda na jiko, kisha muikodishe kwa watalii wanaozunguka Ziwa Nakuru na Bogoria. Labda ni kuku. Labda ni duka. Vyovyote vile, mtatumia pesa za familia, na hapo ndipo Delamere anapoingia.

Jina lake kamili lilikuwa Hugh Cholmondeley. Alizaliwa Uingereza mwaka 1870 katika ukoo wa kikabaila wenye jumba na mashamba makubwa pale Vale Royal, Cheshire. Babake alipofariki mwaka 1887, kijana wa miaka 17 akawa Lodi Delamere wa tatu na mrithi wa kila kitu. Jiulize wewe ungefanya nini na mali kama hiyo ukiwa na miaka 17.

Yeye alipenda kuwinda. Kuanzia 1891 akawa anakwenda Somalia kutafuta simba, na mwaka 1894 simba mmoja akamrarua mguu. Aliyemwokoa ni Msomali aliyekuwa akimbebea bunduki, Abdullah Ashur. Delamere akapona, lakini akabaki kuchechemea hadi kufa. Mguu huo haukumzuia. Miaka michache baadaye alivuka jangwa na msafara wa ngamia kutoka Somalia, na mwaka 1897 akatokea kwenye nyanda za juu za Kenya. Baada ya mchanga na kiu, akaona majani mabichi, mito na baridi kama ya kwao. Moyo ukabaki huku.

Mwaka 1899 alimwoa Florence Cole, binti wa kabaila wa Ireland, na haikuchukua muda wakahamia. Reli ilikuwa imeshafika Nakuru mwaka 1900, na serikali ya kikoloni ilikuwa inahangaika kutafuta walowezi wa kuipa reli mizigo ya kubeba. Mwaka 1903 Delamere akapewa ekari 100,000 pale Njoro kwa miaka 99. Kodi? Pauni 200 kwa mwaka. Piga hesabu: pauni moja kwa kila ekari 500. Sharti lilikuwa atumie pauni 5,000 kuliendeleza shamba katika miaka mitano ya kwanza. Aliliita Equator Ranch.

Usidhani aliishi kwenye jumba. Yeye na Florence walikaa kwenye nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi. Florence hakuwa mke wa kukaa kivulini akinywa chai, kwani mumewe alipokuwa kwenye siasa za Nairobi, yeye ndiye aliyesimamia kazi shambani. Ndugu zake wawili, Berkeley na Galbraith, nao wakaja Kenya. Ilikuwa biashara ya familia kamili, pesa za ukoo na jasho la ukoo, pamoja na jasho la wafanyakazi Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Sasa shika kiti. Mwaka 1904 Delamere aliagiza kondoo jike 500 aina ya Merino kutoka New Zealand. Safi kabisa, wa bei. Wanne kati ya kila watano wakafa upesi. Akaleta ng'ombe wa kizungu, homa ya mapafu ikawafagia, na ndigana nayo haikuwa mbali. Akageukia ngano. Kufikia 1909 alikuwa karibu kuishiwa kabisa, na tumaini lake la mwisho lilikuwa ekari 1,200 za ngano. Ikaja kutu, ule ugonjwa unaopaka majani rangi kama ya bati lililozeeka, na shamba lote likaharibika.

Kuna jambo moja la kondoo linalouma zaidi. Udongo wa pale haukuwa na madini ya kutosha, hasa kobalti. Mnyama anakula ashibe, na bado anakonda hadi anakufa. Baadaye wataalamu wa mifugo waliupa ugonjwa huo jina linalotokana na Nakuru yetu, Nakuruitis. Wamasai, waliochunga katika Bonde la Ufa vizazi na vizazi, walikuwa wakiyaepuka malisho yale. Hawakuwa na maabara, walikuwa na macho na kumbukumbu. Mgeni aliona nyasi ndefu zisizo na ng'ombe akadhani ni bahati yake. Hakujiuliza kwa nini hapakuwa na ng'ombe.

Tumpe haki yake: hakukata tamaa. Alihamishia mifugo Soysambu, karibu na Ziwa Elmenteita, ambako malisho yalikuwa bora. Akajifunza Kimaasai, akaajiri wachungaji Wamasai, na safari hii akawasikiliza. Kuhusu ngano, alimlipa mtaalamu wa kuzalisha mbegu zinazostahimili kutu, na kazi ya aina hiyo bado inaendelea Njoro hadi leo katika kituo cha utafiti cha KALRO. Mwaka 1908 alianzisha kampuni ya kusaga nafaka, Unga Limited. Ndiyo, ile ile. Ukisonga ugali wa Jogoo jioni hii, umekutana naye bila kujua.

Lakini ngoja kwanza kabla hujambandika ukutani kama shujaa wa mahasla. Hasla wa kawaida akipoteza kondoo 400 amekwisha. Delamere alipopoteza, alikuwa na Vale Royal ya kumwaga pesa na benki za kumkopesha. Na ardhi ya kujaribia haikuwa ya bure, bali ni wengine walioilipia. Mwaka 1904 Wamasai waliondolewa eneo la kati la Bonde la Ufa kwa mkataba, kundi moja likasukumwa Laikipia na jingine kusini, wakiahidiwa kwamba hawatasumbuliwa tena. Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine, na wale wa Laikipia wakahamishwa nao. Walikwenda mahakamani, kesi ikatupwa. Delamere mwenyewe, aliyesema lugha yao na kuwapenda, alikuwa kiongozi wa walowezi waliotaka nchi hii itawaliwe na wazungu wachache. Mambo hayo mawili yalikaa ndani ya mtu mmoja.

Florence alifariki mwaka 1914. Biashara ikaendelea, ikipanda na kushuka, huku mkopo ukijengwa juu ya mkopo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 nzige walivamia, kisha mdororo wa uchumi wa dunia wa 1929 ukaangusha bei za mazao. Delamere alifariki Novemba 13, 1931, Loresho, akiwa na miaka 61, akazikwa Soysambu. Aliacha deni la benki la takriban pauni 500,000. Kwa pesa za wakati huo, huo ulikuwa mlima.

Mlima huo ukamwangukia mwanawe, Thomas, ambaye hakuwahi kuulizwa kama anautaka. Mwaka 1947 Vale Royal, makao ya ukoo kwa zaidi ya miaka mia tatu, yaliuzwa. Baada ya uhuru, sanamu ya mzee iliondolewa katikati ya Nairobi ikapelekwa Soysambu, na Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue. Jina lilichafuka zaidi miaka ya karibuni, wakati kitukuu chake alipohukumiwa mwaka 2009 kwa kumuua mtu bila kukusudia katika shamba hilo hilo. Leo Soysambu ni hifadhi ya wanyama, na Ziwa Elmenteita limo katika orodha ya turathi za dunia tangu 2011.

Kwa hivyo, kabla hamjang'oa viti vya ile van, wewe na ndugu zako kaeni chini. Mtafuteni fundi wa Shabab au dereva aliyebeba watalii miaka ishirini, mumuulize kwa nini hakuna anayefanya biashara hiyo pale mnapotaka kuifanya. Huenda ni nafasi. Huenda ni nyasi ndefu zisizo na ng'ombe. Kisha andikeni kwenye karatasi: pesa zikiisha, ni shamba la nani litakalouzwa, na je, mwenyewe ameulizwa? Mama akiweka hatimiliki rehani kwa sababu anakupenda, benki haitakumbuka mapenzi hayo.

Delamere alikuwa na ukakamavu wa kutosha watu kumi. Wengine ndio waliolipa.