Michael West na Mwanafunzi Aachaye Shule Mapema

Sisi walimu huandaa masomo yetu kwa ajili ya mwanafunzi atakayefika mwisho wa safari. Yule atakayeachia njiani, kwa kukosa ada, kwa kuugua au kwa kushindwa mtihani, hatumfungii masurufu yoyote. Mwalimu aliyelitazama jambo hili kwa makini kuliko wengi wa wakati wake ni Michael Philip West, naye alilitazama akiwa mbali na kwao.

West alikuwa Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1888. Baada ya masomo yake Oxford aliingia katika utumishi wa elimu nchini India mwaka 1912, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya utawala wa Waingereza. Alifanya kazi Bengal, na baadaye akawa mkuu wa chuo cha ualimu katika mji wa Dacca, ambao leo huitwa Dhaka na ni mji mkuu wa Bangladesh.

Huko aliona jambo lililomsumbua. Watoto walijifunza Kiingereza kwa miaka kadhaa, wakakariri na kunakili, lakini wengi waliacha shule wasiweze kusoma hata kitabu chepesi. Katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1926, unaohusu watu watumiao lugha mbili, West alilinganisha masomo na bima. Mtu akikatisha bima iliyo nzuri kabla ya muda wake, bado hurudishiwa kiasi fulani cha fedha. Mafunzo ya lugha nayo, alisema, yapimwe kwa kile anachobaki nacho mtoto aliyeyakatisha, wala si kwa kile kinachoahidiwa wahitimu peke yao.

Kwa msingi huo aliamua kwamba kusoma kutangulie kusema. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto wa Bengal alikuwa tayari na lugha yake ya kuzungumzia nyumbani na sokoni, lugha yenye fasihi pana. Alichokikosa ni mlango wa kuingilia katika vitabu vya maarifa vilivyoandikwa kwa Kiingereza. Isitoshe, ajuaye kusoma aweza kuendelea peke yake hata akiwa hana mwalimu.

Alipovichunguza vitabu vya shule aliona kwamba kosa halikuwa la mtoto. Maneno mapya yalimiminwa kwa wingi katika kila ukurasa, na mengi yalikuwa ya nadra au ya kishairi. West akatunga vitabu vipya vya kusomea. Ndani yake neno la kawaida lilichukua mahali pa neno adimu, na kwa kila neno moja jipya mwanafunzi alikutana na maneno kama hamsini aliyokwisha kuyajua. Hivyo msomaji alipata nafasi ya kupumua na kufurahia hadithi.

Uamuzi wake haukukosa wapinzani. Harold Palmer, Mwingereza mwenzake aliyefanya kazi Japani kuanzia mwaka 1922 hadi 1936, alishikilia kwamba lugha ianzie mdomoni na masikioni. Nasi leo tuna haki ya kuuliza swali jingine: je, ilikuwa kazi ya mtumishi wa serikali ya kikoloni kuamua mtoto wa Bengal anahitaji nini katika lugha? Tukisema mwanafunzi ndiye kitovu cha somo, hapana budi yeye na wazazi wake nao waulizwe. Hapo ndipo palipo udhaifu wa mpango wa West, ingawa swali aliloanza nalo lilikuwa la haki.

Aliondoka India mwaka 1932, lakini kazi haikukoma. Mwaka 1935 yeye na James Endicott walitoa kamusi iliyoeleza maneno na misemo ipatayo 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu, ili anayetafuta maana asikutane na fumbo jingine. Mwaka 1953 ikachapishwa orodha yake ya maneno yapatayo 2,000 yenye manufaa zaidi kwa mwanafunzi wa Kiingereza, nayo iliwaongoza waandishi wa vitabu kwa miaka mingi.

Mwaka 1960 West alitoa kitabu kuhusu kufundisha Kiingereza katika mazingira magumu: darasa lenye watoto wengi, waliobanana katika madawati, wenye uwezo usiolingana. Humo alisisitiza kwamba lugha hupatikana kwa kuitumia, na kwamba mwalimu asemaye mno humnyima mwanafunzi zoezi. Tufanye hesabu ya darasa la watoto 60 katika kipindi cha dakika 40. Mwalimu akisema nusu ya kipindi, na watoto wakajibu mmoja mmoja, kila mmoja atapata sekunde 20. Wakigawanywa wawili wawili katika dakika hizo 20 zilizobaki, kila mmoja atapata dakika 10.

Kwa darasa la namna hiyo West alipendekeza zoezi jepesi. Mwanafunzi husoma fungu la maneno kimyakimya, huinua macho kutoka kitabuni, kisha humwambia mwenzake alichosoma huku akimtazama usoni. Zoezi hili halihitaji mashine wala fedha. Kitabu kimoja kwa watoto wawili chatosha, na mwalimu hupata nafasi ya kupita akisikiliza.

West alifariki mwaka 1973. Wanachuo wetu waendao mazoezi ya kufundisha watayakuta madarasa aliyoyaeleza, na pengine yaliyojaa zaidi. Tunawashauri walijaribu zoezi hilo katika wiki ya kwanza. Tena, kila wamalizapo kuandika andalio la somo, wamfikirie mtoto mmoja ambaye huenda kesho asirudi, wajiulize ataondoka na nini katika kipindi cha leo.